Watoto wa Nguruwe Waliotulia Usingizini

Njombe mtu akitetemeka hatumuulizi anaumwa nini. Tunamwambia asogee motoni. Nimekulia ndani ya baridi hiyo, asubuhi za Juni na Julai ambazo sakitu imelala juu ya majani ya viazi, nyeupe kama chumvi, na mpaka leo nikimwona mtu anatetemeka mkono wangu hutafuta koti kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana simlaumu shangazi yangu kwa alichofanya siku nguruwe wake alipozaa. Watoto walitoka wakitetemeka, naye akawasha moto.

Alinipigia simu asubuhi iliyofuata, nikiwa dukani kwangu Makambako.

"Mama," akasema. Mimi ni mtoto wa kaka yake lakini ameniita mama tangu nikiwa mdogo. "Nguruwe amezaa salama. Ila watoto wana baridi ambayo sijapata kuiona."

"Umewawashia moto?"

"Tangu jana. Majiko mawili. Blanketi langu nimewapa, na lile la wageni nimewapa."

"Na bado?"

"Wanacheza kabisa, kama wako kwenye sherehe. Mwenyekiti wa kitongoji amepita, amechungulia, ameondoka bila kuaga."

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nifunge duka. Miaka michache nyuma homa ya nguruwe ilipita kijijini kwetu na haikuacha banda. Nguruwe waliokuwa wanakula jioni walikutwa asubuhi wamelala kifudifudi, masikio mekundu, na watu walichimba mashimo mpaka mikono ikachubuka. Shangazi alipoteza wote. Baada ya hapo mkutano wa kitongoji ukapitisha azimio: nguruwe yeyote akionekana na ugonjwa usioeleweka, yeye pamoja na waliogusana naye, wauawe na kuzikwa siku hiyohiyo, bila mjadala. Nililiunga mkono azimio lile. Lilikuwa azimio la watu wenye akili. Sasa lilikuwa linaelekea kwenye banda la shangazi, na huyo jike aliyezaa ndiye nguruwe pekee aliyekuwa naye, aliyemlea kutoka akiwa mdogo wa kubebwa kwapani, na huo ulikuwa uzao wake wa kwanza.

Niseme hapa mimi ni nani, kwa sababu mambo ya siku ile yangeweza kwenda vingine kama angeitwa mtu mwingine. Nilitoka kijijini baada ya darasa la saba, bila mtu wa kunisomesha. Niliuza mahindi ya kuchoma stendi ya Makambako, kwenye ule upepo unaopeperusha hata majivu ya jiko kabla moto haujakolea. Kisha nikashuka Dar es Salaam, nikaajiriwa kuosha mabanda kwenye shamba kubwa la nguruwe nje ya jiji. Huko nilisoma sekondari kwa masomo ya jioni, nikinuka sabuni ya kuulia wadudu, na nikafaulu. Nikajilipia chuo cha mifugo mpaka nikapata stashahada ya afya ya mifugo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mfadhili. Nilirudi nyanda za juu nikiwa na gari langu mwenyewe, dogo lakini langu, na nikafungua duka la dawa za mifugo. Cheti changu nimekitundika ukutani mkabala na mlango, ili anayeingia akione kabla hajaona dawa ya minyoo. Wengine husema najidai. Najidai kweli. Nilikitafuta miaka mingi, sikukiokota.

Njiani nilimpigia afisa mifugo wa kata. Alikuwa Manda kwenye msiba, ziwani huko chini, mtandao unakatika. Aliniambia nimwangalizie, nichukue damu, na nisimruhusu mtu yeyote kuchinja na kula. Nikamwambia kwa hilo la kula asiwe na wasiwasi, kwa jinsi watu walivyoogopa.

Nilipofika nilikuta moshi unatoka bandani kama jikoni kwenye harusi. Wanawake wa jirani, wale wanaosali na shangazi jumuiya moja, walikuwa wamesimama wakiwa wamejifunga vitenge juu ya masweta. Nje ya uzio vijana wa kitongoji walikuwa wameegemea majembe, na pembeni yao kulikuwa na shimo bichi, udongo wake mwekundu bado unafuka ubaridi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa juu ya gogo. Tulisoma naye shule ya msingi, dawati moja.

"Kamwene, dokta," akanisalimia.

"Kamwene. Mmeanza kuchimba kabla sijafika?"

"Tumekungoja kwa heshima tu. Shimo lipo tayari."

Niliingia bandani. Joto lilinipiga usoni. Majiko mawili ya mkaa wa miwati yalikuwa yanawaka pande zote mbili, na katikati, chini ya mablanketi, watoto wa nguruwe walikuwa wanatetemeka. Nikafunua. Nimeona nguruwe wengi maishani mwangu, labda kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima, lakini kitu kile nilikuwa sijakiona. Hawakuwa wanatetemeka kama mtu mwenye baridi, ambaye hujikunja na kujikumbatia. Hawa walikuwa wamesimama, miguu imepanuliwa, na mwili mzima unapigapiga, nyuma zaidi kuliko mbele, kichwa kinakwenda juu na chini. Macho yao yalikuwa maangavu, safi. Mmoja aliona chuchu ya mama yake. Aliiona kabisa, nilimfuata kwa macho. Akaiendea, akafika, akaipiga kwa pua, ikamponyoka. Akarudi. Ikamponyoka tena. Alikuwa na njaa na maziwa yako mbele ya mdomo wake, na mwili wake haukumruhusu kuyashika.

"Wamelewa ulanzi hawa," mwanamke mmoja akasema nyuma yangu.

"Ulanzi wa nani, wakati kwako unauficha hata kwa mumeo," mwingine akamjibu, wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza kwa sababu shangazi hakucheka.

Nikatoa kipimajoto. Nilimpima wa kwanza. Kilipanda, kikapanda, kikapita pale ambapo ningependa kisimame. Nikampima wa pili, vilevile. Mwenyekiti alikuwa ameshainuka, amesimama mlangoni.

"Wana homa?" akauliza.

Ningeweza kumficha. Sikumficha. "Kipimo kiko juu," nikasema.

"Basi." Akageuka kuwaangalia vijana.

Shangazi alikaa chini, palepale kwenye pumba, akaweka mkono wake juu ya mgongo wa jike, kama mtu anayemshika ndugu mbele ya hakimu.

Nikamwangalia yule jike. Alikuwa amelala ubavu, anatoa sauti ile ya chini ya mama anayewaita watoto kunyonya. Masikio yake hayakuwa mekundu. Chakula alichopewa alfajiri alikuwa amekimaliza na sahani ameilamba. Nikampima yeye: sawasawa kabisa. Homa ile tuliyoizika haina adabu ya namna hiyo. Huanza na mkubwa, haimpiti mama ikachukua watoto waliozaliwa jana. Ndipo nikayaona yale majiko kwa macho mengine. Nilikuwa natokwa na jasho, mimi mwenyewe, mwezi wa Julai, Njombe.

"Toeni moto," nikasema.

"Watakufa kwa baridi," akasema shangazi.

"Toeni moto, shangazi. Mablanketi pia. Leteni nyasi kavu, nyingi."

Wanawake walinung'unika. Kutoa moto kwenye banda la watoto asubuhi ya sakitu ni kitu ambacho kwetu hufanywa na mtu katili au mtu wa pwani, na nilisikia mmoja akisema Dar imenimaliza. Lakini walitoa. Nikamwacha mwenyekiti na vijana wake wangoje. Tulikaa. Moshi ukapungua, hewa ya nje ikaingia, na wale watoto wakaendelea kutetemeka vilevile, wala si zaidi wala si pungufu. Hilo peke yake liliniambia jambo. Kama ilikuwa baridi, moto ungewatuliza, na kuondoa moto kungewazidishia. Kwao ilikuwa hakuna tofauti.

Nikapima tena. Kipimajoto kilisimama pale panapotakiwa, kwa mmoja, kwa mwingine, kwa wote niliowapima. Hawakuwa na homa. Joto nililolisoma mwanzo lilikuwa la shangazi yangu, la mkaa na mablanketi mawili ya upendo. Nikamwonyesha mwenyekiti kile kipimajoto, akakisoma huku midomo yake inacheza.

"Kwa hiyo wanaumwa nini?"

"Ngoja kwanza wanyonye."

Nikamchukua yule aliyekuwa anahangaika na chuchu. Nikamshika kichwa kwa mkono mmoja, kiuno kwa mkono mwingine, nikamtuliza kwa nguvu kama unavyoshika sindano unapotia uzi, nikamwingizia chuchu mdomoni. Akaikamata. Nilisikia akimeza. Alinyonya kwa uchu, mwili wake ukigonga viganja vyangu muda wote, na alipokwisha kushiba macho yakamlegea. Nikamlaza kwenye nyasi.

Akalala. Na kutetemeka kukakoma.

Sijui niliandikeje hili ili msomaji alione kama nilivyoliona. Hakukupungua kwanza kisha kukaisha. Kope zilifumba, na mwili wote ukatulia, miguu, mgongo, kidevu, kama redio iliyozimwa. Mtoto yule alikuwa mzuri, mwenye nywele fupi nyeupe, anapumua taratibu, mzima kama mtoto yeyote wa nguruwe aliyepata kuzaliwa chini ya jua.

"Amekufa," akasema mwenyekiti.

Shangazi akaziba mdomo kwa kitenge.

"Hajafa. Mguse sikio."

"Mguse wewe."

Nikamgusa sikio. Akafungua macho, na palepale mwili ukaanza tena, wote kwa pamoja. Wale wanawake walirudi nyuma hatua. Nikamwacha. Akasinzia, akatulia. Mwanamke yule wa ulanzi akapiga magoti, akanyoosha kidole, akamgusa mwenyewe, akaona mtetemeko ukirudi, akauacha ukaondoka. "Jamani," akasema kwa sauti ya chini, "kumbe kinachomtikisa kinamsubiri aamke."

Sijasikia mtu akieleza vizuri kuliko hivyo. Chuoni ilikuwa aya moja tu, kwenye kurasa ambazo wenzangu waliziruka kwa sababu mkufunzi alisema hazitatoka kwenye mtihani. Mimi sikuruka kurasa. Nililipa ada mwenyewe, nilisoma kila kilichochapwa. Aya ile ilisema wapo watoto wa nguruwe wanaotetemeka tangu tumboni kwa sababu ya kirusi, na kwamba wakilala hutulia.

Nikawaeleza kwa lugha ya nyumbani. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme, na kila waya una ganda lake. Ganda hilo hutengenezwa mtoto akiwa bado tumboni. Kirusi hiki humwingia mama, na mama hata hajui, hakohoi, hasusi chakula. Kinapita kwake kimyakimya mpaka kwa watoto, wakati ule ule ganda linapofungwa kwenye nyaya, kinaharibu ile kazi. Mtoto anazaliwa na nyaya zilizo wazi. Akiamka, umeme unaruka ovyo. Akilala, umeme umezimwa.

"Na kinaonekana?" shangazi akauliza.

"Hata ukichukua vumbi lililo kwenye kucha yako ukaligawa mara nyingi usizoweza kuhesabu, bado hujafika."

Akaangalia kucha yake. "Na kimejua siku ya kuingia."

Nilikuwa nimefundishwa jinsi kirusi kinavyozaana na jinsi kinavyokaa. Lakini maneno yale ya shangazi yalinisimamisha. Kitu kisicho na jicho wala ubongo kilikuwa kimepita kwenye mwili wa nguruwe mkubwa bila kumkwaruza, kikaingia mahali penye giza, kikakuta kazi nyororo kuliko zote duniani inafanyika, kikaigusa hapo tu. Nilisikia nywele za mikononi zinasimama. Huo ndio ukweli, na sioni aibu kuusema.

Mwenyekiti, yeye, alikuwa ameshika neno moja. "Umesema kirusi."

"Ndiyo."

"Homa nayo ilikuwa kirusi. Ulituambia wewe mwenyewe."

"Ni kirusi kingine."

"Umekipima?"

"Sijakipima. Nitapeleka damu maabara wapime homa kwanza. Hiki kingine sidhani kama kuna anayekipima hapa karibu. Ninachokuambia nakuambia kwa dalili."

"Azimio halisemi kirusi kipi. Linasema ugonjwa usioeleweka. Wewe mwenyewe unakiri haujapimwa." Hakuwa mtu mbaya. Naye alizika nguruwe wake wote mwaka ule, na watu walikuwa wamemchagua ili jambo lile lisijirudie. Akamwambia shangazi kwa upole, "Shangazi, utusamehe. Mwenye nguruwe yeyote hapa angefanyiwa hivi."

Vijana wakachukua majembe yao. Shangazi akasimama, akaanza kukunja yale mablanketi polepole, kingo kwa kingo, bila kumwangalia mtu.

"Ni sawa," nikasema. "Tufuate azimio. Kirusi hiki hakikuota kwa jike kama uyoga. Mara nyingi huja na dume, siku ya kupandwa. Azimio linasema na waliogusana naye. Dume aliyempanda ni wa nani?"

Hapakuwa na mtu asiyejua. Baada ya homa kulikuwa na dume mmoja tu kitongojini, aliyeletwa kutoka upande wa Makete, naye alikuwa wa mwenyekiti. Majike yote yalipelekwa kwake, na kwa desturi yetu mwenye dume huchagua mtoto mmoja wa kwake uzao ukishaachishwa. Ndiyo iliyomleta bandani siku ile tangu mwanzo: kuchungulia yupi atamchagua.

"Dume langu ni zima," akasema.

"Naamini. Zima kabisa, linakula, linafukuza watu. Ndiyo maajabu yenyewe. Kirusi kinaweza kukaa ndani yake na usione hata chafya."

"Unalitukana dume langu mbele za watu."

"Sijalitukana. Nasema shimo ni dogo. Likiingia jike, watoto, na dume, na majike mengine yote lililoyapanda mwaka huu, mnahitaji kuchimba mpaka Jumapili."

Mwanamke wa ulanzi, ambaye jike wake alikuwa na mimba ya dume hilohilo, akasema, "Wangu hachimbiwi." Mwingine akasema, "Wala wangu." Kijana mmoja akaweka jembe chini, taratibu, kama mtu anayejaribu kutosikika.

Mwenyekiti akaingia mpaka ndani ya banda, jambo ambalo hakuwa amelifanya, akachuchumaa mbele ya yule mtoto aliyelala. Akanyoosha mkono wake mkubwa, akauweka juu ya ubavu wa mtoto, bila kumwamsha. Mkono ulikuwa unapanda na kushuka na pumzi yake.

"Ukikosea je?" akauliza.

"Nikikosea, njoo Makambako ukashushe kile cheti ukutani, ukiwashie moto mbele ya wateja wangu."

"Nitakuja kweli."

"Nakufahamu."

Tukapatana palepale. Jike na watoto wafungiwe, asiingie mtu ila shangazi na wasaidizi wake, na viatu vioshwe mlangoni. Dume lifungwe nalo, lisipande jike lolote. Damu iende siku hiyohiyo. Jibu likija na homa, wote kwenye shimo, na mimi nitashika jembe. Shimo likafunikwa kwa mabanzi ili mtoto wa mtu asitumbukie.

Dawa sikuwa nayo, na hakuna aliye nayo duniani. Kilichokuwepo ni mikono. Niliwafundisha wale wanawake namna ya kushika: kichwa hapa, kiuno hapa, usikaze sana. Wakagawana zamu kama wanavyogawana zamu za kufagia kanisa, na banda likawa mahali pa mazungumzo. Nilikuwa napanda kutoka Makambako kila nilipoweza, nakuta watu wazima wameketi kwenye nyasi, kila mmoja amekumbatia mtoto wa nguruwe anayetetemeka, wanasimuliana habari za mabinti zao. Wachache walikufa wiki ile ya kwanza, wale waliozaliwa wadogo. Wengine waliendelea kunyonya.

Jibu la maabara lilikuja: hakuna homa. Nililisoma kwa simu nikiwa dukani, nikalisoma tena kwa sauti, wateja wakasikiliza, na mmoja wao akanipigia makofi ingawa hakujua ni ya nini. Mwenyekiti nilimpigia mwenyewe. Akasema, "Haya." Kisha, "Mbona unapumua hivyo? Ulikuwa unaogopa?" Nikamwambia ni upepo wa Makambako.

Mtetemeko uliondoka kwa namna ulivyopenda wenyewe. Ulitoka kwanza vichwani. Ukakaa mgongoni kwa muda. Miguu ya nyuma ndiyo iliyochelewa, ikawa inatikisika tu wanapofurahi, wanaposikia ndoo ya pumba. Kila nilipofika nilisimama kwanza kwenye uzio kabla ya kusalimia, nikiwatazama wakilala na kuamka, kulala na kuamka, na sikuwahi kuzoea. Nimesoma, nina stashahada, nimewafungua nguruwe kwa kisu na kuona kila kilichomo, na bado sikuzoea.

Siku moja nilimkuta shangazi amekaa nje ya banda juani, mikono mitupu mapajani. Nikashtuka, nikauliza kuna nini.

"Ingia uone," akasema.

Walikuwa wamejipanga kwenye tumbo la mama yao, kila mmoja na chuchu yake, wakisukumana, wakikanyagana. Hapakuwa na mkono wa mtu. Mmoja mguu wake wa nyuma ulikuwa unagongagonga nyasi, tiki, tiki, tiki, lakini mdomo wake ulikuwa umeshika na hauachii.

"Tangu asubuhi," akasema shangazi kutoka nje. "Nimejaribu kumshika mmoja akanipiga teke. Wameniachisha kazi."